Kabla ya mtoto wa mbwa kuingia nyumbani

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Muuzaji akikuharakisha umchukue wa wiki 5, kataa, hata kama watoto wako wameshampenda. Ni katika kucheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kung'ata bila kuumiza, na kesho atacheza na vidole vya mwanao. Omba umwone na mama yake: mama huyo akiwa mkali au mwoga kupita kiasi, tafuta kwingine. Nyumbani, kubalianeni mapema nani atamlisha. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifika miezi 3, isiahirishwe kwa sababu yoyote. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.