Imani ya Omar Iko Idara Gani?

Kipo kikaratasi cha mwaka 1857, kimeandikwa kwa Kiarabu na mzee mtumwa wa North Carolina aliyeitwa Omar bin Said. Wakristo waliokipokea walikiwekea maelezo ya Kiingereza kwamba hiyo ni Sala ya Bwana. Mtoto wa Unguja aliyeanza juzuu amma angekitazama mara moja akacheka. Ni Surat an-Nasr, aya 3 tu, sura inayozungumzia watu kuingia makundi kwa makundi katika dini ya Mwenyezi Mungu.

Nilionyeshwa picha ya kikaratasi hicho darasani, katika chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani. Nilikwenda huko kufundisha Kiswahili, na masharti ya mpango ulionipeleka yalitaka nami nisome japo somo moja la Taaluma za Marekani. Nilidhani nitasomeshwa katiba na orodha ya marais. Kumbe somo lenyewe halina mwenyewe. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa historia, lakini leo anamkaribisha mwenzake wa fasihi, mara wa sheria, mara wa dini, mara wa muziki, na wanafunzi nao kila mmoja katoka idara yake na ubishi wake.

Taaluma hii ilichipua miaka ya 1930. Mwaka 1940 Henry Nash Smith alipata Harvard shahada ya uzamivu katika historia ya ustaarabu wa Marekani, akiwa wa kwanza kupata shahada hiyo pale. Jarida la American Quarterly likaanza 1949, chama cha wanataaluma kikafuata 1951. Wale wa mwanzo walikuwa wakiitafuta roho moja ya Marekani, na kwa sehemu kubwa waliitafuta katika vitabu vya wanaume weupe. Waliokuja nyuma yao wakauliza: na wengine wote je? Hapo ndipo mtu kama Omar alipopata kiti darasani.

Omar alizaliwa karibu mwaka 1770 huko Futa Toro, katika Senegali ya leo, akasoma kwa mashekhe miaka mingi. Mwaka 1807 alitekwa akapelekwa Charleston. Mtu wa sheria alitueleza kwa nini mwaka huo si mwaka wa hivihivi: katiba ya 1787 ililizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na marufuku ilipokuja ilianza tarehe 1 Januari mwaka huo huo. Omar aliingizwa mlango ukiwa unafungwa. Alimtoroka bwana katili, akakamatwa karibu na Fayetteville alipoingia kwenye nyumba ya ibada kusali, akatiwa jela. Mwishowe akanunuliwa na James Owen, ambaye nduguye John alikuja kuwa gavana wa North Carolina. Karibu mwaka 1820 akapokewa katika kanisa la Presbiteri. Mwaka 1831 akaandika tawasifu yake kwa Kiarabu, kurasa 15, ambayo tangu 2017 imo katika Maktaba ya Bunge, Washington.

Juu ya kurasa hizo 15 kila idara ilileta taa yake. Mwanahistoria alitukumbusha kwamba 1831 ndio mwaka Nat Turner alipoongoza maasi huko Virginia, jirani kabisa, na kwamba North Carolina ilikuwa imetoka tu kupitisha sheria ya kukataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Mtu wa fasihi akasema jambo lililonikaa: simulizi nyingi za watumwa zilipita mikononi mwa wahariri weupe kabla ya kuchapwa, lakini hii imeandikwa kwa lugha ambayo bwana mwenyewe hakuijua. Owen angeweza kuishika, kuipindua, kuionyesha kwa wageni sebuleni, kuisoma asingeweza. Mtu wa muziki alituletea opera iitwayo *Omar*, ya Rhiannon Giddens na Michael Abels, iliyopata tuzo ya Pulitzer 2023. (Opera si kitu changu. Nimelelewa kwa taarabu, na nilisinzia kidogo.)

Kisha likaja swali ambalo kila mtu alikuwa akilisubiri. Je, Omar aliritadi?

Ushahidi unavuta huku na huku. Katika tawasifu yake Omar anaanza kwa bismillahi na kumsalia Mtume, miaka kumi na kitu baada ya kupokewa kanisani. Halafu, kabla hajasema neno moja juu ya maisha yake, anaandika Surat al-Mulk. Mbele huko anasimulia kwamba zamani alikuwa akitawadha, akitoa zaka, akenda hija. Na sasa, anasema, anaomba kwa maneno aliyofundisha Yesu. Anawasifu akina Owen kwa wema wao. Biblia yake ya Kiarabu ipo mpaka leo katika chuo cha Davidson, na ndani yake kaandika kwa mkono wake sifa za Mungu ambazo Mwislamu na Mkristo wote wangeweza kuziitikia amina. Darasa likagawanyika. Kijana wa sosholojia alishikilia kwamba ubatizo ulikuwa kinga tu. Binti mmoja, Mpresbiteri mwenyewe, akaona ni dharau kumnyima Omar haki ya kuamini kweli alichosema anaamini. Wote wawili walinitazama mimi, niliyekuwa Mwislamu pekee chumbani, kana kwamba nina majibu kwenye mkoba.

Usiku ule nilimpigia simu maalim wangu wa Mji Mkongwe, aliyenisomesha Kurani utotoni. Nikamsalimu shikamoo, nikampa kisa chote. Alisikiliza, akakohoa, akaniuliza: "Mwanangu, umetumwa kumhukumu?" Akanikumbusha kisa cha Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka ya kutamka, moyo wake ukiwa umetulia katika imani, na hakulaumiwa. Kisha akaniambia niende nikaisome tena Surat al-Mulk yenyewe. Nikaisoma. Katikati ya sura, aya ya 13, inakumbushwa kwamba mtu akiificha kauli yake au akiitangaza ni mamoja, kwani yaliyomo vifuani yana Mjuzi wake.

Siku iliyofuata nililisema hilo darasani, na kijana wa sosholojia akanibana: kama ajuaye ni Mungu peke yake, sisi tunasomea nini? Ni hoja nzuri, na jibu langu ni hili. Imani ya Omar haimo katika idara yoyote, na hata idara zote zikikaa meza moja hazitaifikia. Lakini hali iliyoizunguka imani ile ni kazi ya mikono ya watu: sheria, bei, jela, kanisa ambalo mtumwa na bwana wake walikuwa wakisali chini ya paa moja. Hayo yanachunguzika mpaka sentensi ya mwisho. Hatuwezi kujua kama Omar aliridhika. Tunajua barabara kwamba asiporidhika hakuwa na pa kwenda, na kwamba alikufa katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kabla utumwa haujafutwa, akiwa bado mali ya ukoo wa Owen. Elimu ya namna hii imewekewa wenye ufunguo. Aliyefungiwa ndani hakuandikiwa mashitaka.

Nilipomaliza, yule binti Mpresbiteri aliuliza kwa upole: na kwenu Zanzibar?

Babu wa babu yangu alikuwa na shamba la karafuu, na mashamba ya karafuu ya zama zile hayakuchumwa na watoto wa mwenye shamba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya kufuta utumwa ikaja 1897, na hata hapo aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Waliotolewa bara walipewa majina mapya, wakafundishwa kutawadha na kusali kama tulivyosali sisi. Nikawaeleza hayo yote. Yule binti akauliza kama walisali kwa imani au kwa hofu. Nikaanza kumjibu kama alivyonijibu maalim, kwamba ya vifuani ana Mjuzi wake, na kabla sijafika mwisho kijana wa sosholojia alikuwa keshainua mkono, akitaka kujua ufunguo wa shamba lile ulikuwa kwa nani.