Tableti na rejista

Tuseme kuna kituo cha afya katika komini ya Kikula, mjini Likasi, Kongo. Wafadhili wanakiletea tableti mbili zenye programu ya kufuatilia wajawazito. Siku ya uzinduzi kuna hotuba, picha na soda. Muuguzi mkuu anafurahi kwa moyo wote, maana amehangaika miaka mingi na rejista zilizochanika.

Kuanzia Jumatatu kila mama anaandikwa mara mbili: kwenye rejista, kwa kuwa zoni ya afya bado inaidai, na kwenye tableti, kwa kuwa mradi unataka. Foleni inarefuka. Wapo wanaochoka kungoja na kurudi nyumbani bila kupimwa. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, tableti zinazimika, nao mto Lufira wenye mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni hauko mbali na mji! Basi muuguzi anazijaza usiku, kwa kukumbuka. Mama aliyekuwa na shinikizo la damu la 150 kwa 100 anaandikiwa 120 kwa 80, kwa sababu ndiyo namba ambayo mkono wake umeizoea. Programu ilitengenezwa imtahadharishe muuguzi juu ya mama kama huyo. Inanyamaza. Kifafa cha mimba, ambacho shinikizo kama hilo huweza kukitangulia, nacho hakingoji.

Na kinachonitisha zaidi ni kwamba ripoti za kituo hiki zinapendeza. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi, na huko juu wanakisifu.

Kituo hiki nimekitunga, ila kazi ya kuandika mara mbili wauguzi wa nchi nyingi wanaijua. Uganda iliwahi kufurika miradi ya namna hii. Mwaka 2008 na 2009, kati ya miradi 36 hivi ya afya kwa simu, 23 haikuvuka hatua ya majaribio. Januari 2012 Wizara ya Afya ikaisimamisha, ikitaka kila mradi upate kwanza kibali chake. Naamini ilifanya haki.

Kongo inakusanya takwimu za afya kwa DHIS2, mfumo wenye mizizi Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo. Takwimu hupanda kutoka kituoni hadi zoni, hadi Kinshasa. Huduma itaboreka pale zitakapomrudia muuguzi pia: Ijumaa aone ni mama gani hakuja kliniki wiki hiyo, amtume mhudumu wa jamii kwake kabla ya Jumatatu. Kazi hiyo hata daftari linaiweza, likitunzwa.

Kwa hiyo mfadhili akija Likasi, daktari mkuu wa zoni amwulize kabla ya kutia saini: tableti zikifunguliwa, rejista ipi inafungwa? Mradi ukiisha, nani atalipia intaneti? Betri ikifa, nani ataibadilisha? Akikosa majibu, fedha hizo zinunue kwanza paneli za jua na mashine za kupimia shinikizo la damu.