Nadhiri ya Msafiri na Njia ya Mlimani

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliyemwahidi Mungu jambo hana budi kulitimiza, hata likimpeleka katika hatari ya kufa. Neno hilo lina sura ya imani, na kwa hiyo lapasa kupimwa vema.

Katika nchi ya Hispania, mjini Santiago de Compostela, kuna kaburi ambalo Wakristo tangu zamani huliheshimu kuwa la Mtume Yakobo. Mahujaji huliendea kwa miguu kwa njia nyingi. Moja iliyo mashuhuri sana huanza katika mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, nayo ni safari ya karibu kilometa 780. Siku ya kwanza ni ngumu mno, maana milima ya Pirenei imesimama mbele yao. Msafiri hutoka penye kimo cha meta 170 hivi, hupanda hata kupita meta 1,400, kisha hushuka Roncesvalles. Jumla kilometa 25 hivi. Baada ya nyumba za wageni zilizo karibu na Orisson, kilometa 8 hivi toka mwanzo, hakuna pa kulala mpaka mwisho. Huko juu ukungu hushuka ghafula, na wakati wa baridi theluji, ile mvua iliyoganda, nyeupe kama pamba, hufunika alama za njia.

Kwa sababu hiyo serikali ya Navarra huifunga njia ya juu tangu tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi. Iko njia nyingine, ya bondeni, ipitayo Valcarlos, nayo hufika Roncesvalles vilevile.

Mwenye kupanga safari hii hufanya hesabu angali nyumbani: mwezi gani, maji kiasi gani, mzigo wa uzito gani. Wengine humcheka, wakisema hujaji wa kweli huyaacha yote mikononi mwa Mungu. Wamekosa. Akili ya kuhesabu ni zawadi ya Mungu, na kuiacha ilale si kumtumaini aliyeitoa.

Basi, mtu amefika mwezi wa Desemba. Mama yake alipokuwa mgonjwa, alimwahidi Mungu ya kuwa atapita njia ya juu, ileile aliyoipita baba yake zamani. Mama amepona. Mlima umefungwa. Moyo wake wamwambia: «Nikigeuka nimemdanganya Mungu, nikifa, nimekufa peke yangu.»

Neno hili la mwisho si kweli. Akipotea katika ukungu, waokoaji watapanda usiku kumtafuta, nao wana wake na watoto. Wakaao kando ya mto wanalijua jambo hili: anayetia mtumbwi majini wakati wa mafuriko, ijapokuwa mtumbwi ni wake, huwalazimisha wavuvi kumfuata. Hatari aliichagua yeye, wao hawakuulizwa.

Neno la kwanza ni gumu zaidi, maana mtu huyo hana kiburi, ana shukrani. Lakini nadhiri ni ahadi ya kumpa Mungu jambo lililo jema. Kupita mlimani kulikuwa jambo jema alipoahidi. Kupita katika theluji, kwa kuhatarisha roho za wengine, si jema tena. Mungu hadai deni la namna hiyo. Moyo ukizidi kusumbuka, na amwendee paroko, kwa kuwa Kanisa lina mamlaka ya kubadili nadhiri au kuiondoa. Ni afadhali kuliko kujihukumu mwenyewe, kwani uvivu nao hujua kuvaa nguo za busara: yule aichaguaye njia ya bondeni mwezi wa Juni, mbingu ikiwa safi, baada ya kuahidi ile ya juu, asiitaje theluji.

Zamani, penye kilima cha Ibañeta, juu kidogo ya Roncesvalles, kengele ilipigwa wakati wa ukungu, ili waliopotea waifuate sauti yake. Njia ya Valcarlos hupita hapo hapo. Mtu yule wa Desemba, akitoka alfajiri, atafika kilimani alasiri, na kabla ya giza atakuwa amebisha hodi Roncesvalles.