Paulo Alizuiwa, Nami Nikazuiwa



Wapendwa vijana, fungueni Matendo ya Mitume 16:6-10. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia, Roho Mtakatifu anawazuia. Wanajaribu kwenda Bithinia, wanazuiwa tena. Wanateremka mpaka Troa, na usiku Paulo anaona katika maono mtu wa Makedonia akimwomba avuke awasaidie.

Hebu tuangalie jambo moja hapa. Paulo hakutaka kitu kibaya, alitaka kuhubiri Injili! Hata hivyo alizuiwa, mara mbili. Kumbe mlango ukifungwa, tusikimbilie kusema Mungu ameniadhibu.

Nalisema hili kwa sababu limenigusa. Mimi ni mtoto wa Muleba, na nilikuwa nasomea urubani. Nyumbani waliuza kahawa, wakauza na kipande cha kibanja, ili ada ipatikane. Kisha nikaanguka mara mbili, na vipimo vikaonyesha kifafa. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na kwa hali yangu hakitolewi. Basi, safari ikaishia hapo.

Maneno mtaani hayakukosekana. Eti amerogwa. Eti hela ya kibanja imeliwa bure. Kijana mwenzangu, kama na wewe una ugonjwa huu, sikia: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si laana, wala hakiambukizi. Meza dawa zako, hudhuria kliniki, na sali. Hayo yote yanakwenda pamoja.

Miezi ile nilikuwa nashuka Bukoba mjini kwa kliniki, napitia Kanisa Kuu, nakaa mbele ya Ekaristi bila neno la kusema. Ndege ikipita kuelekea uwanjani, moyo unauma. Ndipo padre mmoja akanisimulia habari za Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Mwaka 1521 huko Pamplona, askari huyu alipigwa mguu na mzinga. Akiwa kitandani aliota sifa za vita, ikawa furaha inayokauka haraka. Akiwaza kumfuata Kristo kama watakatifu aliokuwa akiwasoma, furaha ilibaki. Kwa kupima hivyo akaanza kuijua sauti ya Mungu. Baadaye alifundisha pia kwamba wakati wa ukavu wa roho tusibadili maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na amani.

Kwa hiyo sikukurupuka. Nilisubiri, nikasali, nikauliza wanaojua. Kuongoza ndege kutoka mnarani nako kunadai cheti cha afya. Lakini kulikuwa na jambo lililorudi kila nikisali: Novemba 6, 2022. Ndege ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Katika watu 43, walifariki 19, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliowahi kufika kuokoa, na mitumbwi yao. Nikaona kwamba uhai wa abiria umeshikwa na mikono mingi: fundi, mwongoza ndege, mpima hali ya hewa, hata mvuvi wa Bukoba.

Kila nilipowaza kazi ya hali ya hewa, amani ilibaki. Upepo na mawingu niliyojifunza kuyaogopa kama rubani, sasa nayasoma ili rubani na mvuvi waonywe mapema. Niko chuoni Kigoma.

Nilipokwenda kumwambia mama, niliogopa atanitajia kibanja. Akasema, "Mwanangu, tuliuza ili usome. Hatukuuza ili upae." Nililia kama mtoto.

Sisemi haiumi tena. Kuna siku bado inauma. Ila Paulo naye hakuambiwa kwa nini Bithinia ilifungwa. Alionyeshwa tu nani anamhitaji ng'ambo, akavuka.

Wiki hii, mbele ya Ekaristi Takatifu, jiulize: ni wazo gani likipita linaniachia amani inayodumu? Na nani yuko ng'ambo ananiita nimsaidie? Usijibu haraka. Mshirikishe padre au mlezi wako.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyemzuia Paulo na kumwonyesha Makedonia, wasimamie vijana ambao mlango wao umefungwa leo. Wape subira, na uwaonyeshe wanaowasubiri. Bikira Maria, Mama wa Huruma, utuombee. Amina.