Mkono Ukirudi Nyumbani

Hospitalini mkono hufanya mtihani. Mgonjwa wa kiharusi hukaa mezani, huokota vipande vya mbao na kuvipandisha rafuni huku mtaalamu wa viungo akiandika alama. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, alama kamili ni 57. Zikipanda, wote hufurahi. Kisha mgonjwa hufungwa vihisi mwendo, kimoja kila mkono, vidogo kama saa, akarudi kwake. Huko ndiko furaha hupungua. Catherine Lang na wenzake wa Washington University in St. Louis wameonyesha kuwa mkono unaweza kupata alama zaidi kliniki, na nyumbani usitumike zaidi ya zamani. Mtafiti Edward Taub alikwishaeleza sababu mojawapo: mkono ulioshindwa siku za mwanzo huzoea kuachwa, hata nguvu zikirejea. Dawa yake ilikuwa kuufunga ule mzima, ili mgonjwa asiwe na pa kukimbilia.

Basi mkono wa mtu ni upi, unaoweza au unaofanya? Naegemea unaofanya. Hata hivyo, kihisi hakinitoshi, maana chenyewe hujua mtikisiko tu. Hata mkono unaoyumba mtu akitembea kinauhesabu. Kwa wenye afya, muda wa kutumika wa mkono usiopendelewa ukigawanywa kwa wa mwenzake hutoa kama 0.95, yaani karibu sawa. Tarakimu hii naipenda: tunausifu mkono wa kulia kwa kusonga ugali, kumbe wa kushoto ndio ulioshikilia sufuria.

Lakini sinia likishatengwa, usawa huo haupo. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, kupokea na kusalimia. Mzee aliyepooza kulia huona haya mbele ya wageni, akahamia chumbani na kijiko chake. Tonge moja alilolifikisha mdomoni kwa mkono ule, kihisi hulihesabia sekunde chache, sawa na kujikuna. Na binti anayewahi kumlisha, kwa mapenzi matupu, anaishusha hesabu bila kujua.

Ningekuwa mtaalamu, kabla ya kumvisha chochote ningemuuliza mzee anautaka mkono kwa kazi gani. Akisema ni kula na wenzake, ningemwomba binti avumilie wali umwagike. Huenda grafu ya siku hiyo isipande hata kidogo.