Taa Inayongoja Mtu Aseme

Mwanga wa hadharani huwa na mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe si mpita njia. Taa ya mlinzi humtafuta mwizi. Taa ya bango huuza soda. Kwa hiyo nikisikia kuna sanaa ya mwanga inayoitikia watu, swali langu la kwanza ni hili: nani anaruhusiwa kuiwasha, na akishaiwasha anaweza kusema nini?

Tarehe 2 Oktoba 1968, siku kumi kabla ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City, wanafunzi walikusanyika katika uwanja wa Tlatelolco kuipinga serikali. Mianga ya ishara ikadondoshwa kutoka kwenye helikopta, na risasi zikaanza kurindima. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Mahali pale, mwanga angani ulikuwa amri ya kuua.

Hapo ndipo mwaka 2008, katika kumbukumbu ya miaka 40, msanii Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa jiji hilo, alipoweka kazi yake Voz Alta. Alisimamisha kipaza sauti uwanjani, na yeyote aliruhusiwa kukisogelea. Sauti iligeuka mwanga wa taa kubwa ya kumulika: ukinyamaza, inazima, ukipaza, inakolea. Anayesita katikati ya sentensi kwa sababu koo limembana, taa nayo husita. Mwali ulipanda hadi juu ya jengo lililokuwa Wizara ya Mambo ya Nje, siku hizi kituo cha utamaduni, na huko taa nyingine tatu ziliupokea na kuusambaza juu ya jiji. Papo hapo maneno yalirushwa na Radio UNAM, 96.1 FM, hata aliye mbali akiona anga linamweka aweze kufungua redio na kumsikia anayesema.

Uamuzi huo wa redio ndio ninaouheshimu kuliko yote. Bila redio, mji ungeona pambo zuri, na shahidi wa mauaji angekuwa amegeuzwa kuwa urembo wa usiku. Kazi nyingi za aina hii zinakwama hapo: unapunga mkono, rangi inabadilika, unaondoka ulivyokuja. Taa imekutii, lakini hakuna aliyekusikia.

Hakuwekwa mtu wa kuchuja maneno. Manusura walisimulia, wengine wakadai wafungwa wa kisiasa waachiwe, wengine wakasoma mashairi. Wapo pia waliochumbia pale pale, jiji zima likiwaona. Kuna atakayesema huko ni kukosea adabu mahali pa msiba. Mimi sikubali. Waliopigwa risasi Tlatelolco wengi wao walikuwa vijana wa umri wa kuchumbia na kuchumbiwa, na hilo nalo walinyang'anywa usiku ule.