Moto wa Tanuru na Deni la Miti



Kiangazi kikifika hapa Nduguti, moshi wa matanuru huanza kuonekana. Tangu mwaka 2012, Wilaya ya Mkalama ilipotengwa na Iramba na mji wetu ukawa makao makuu, ujenzi umeongezeka, na anayejenga hutaka tofali la kuchoma. Hatumlaumu. Tofali bichi huliwa na mvua, na nyumba imara ni heshima ya familia. Hata makanisa yetu mengi yamesimama kwa matofali hayo hayo. Basi swali hili ni letu wenyewe: Je, ni haki kuteketeza miti ili tupate ukuta?

Wengine husema, "Mbona bibi zetu walichoma vyungu tangu zamani, na miti ilikuwapo?" Ni kweli, lakini tutazame vizuri. Mama mfinyanzi hupanga vyungu vyake chini, akavifunika kwa matawi makavu, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Udongo ukipata joto la nyuzi 600 hivi haurudi tena kuwa tope, na moto wake hufika hapo kwa muda mfupi. Tanuru la matofali ni jambo jingine. Hulishwa magogo mazima, usiku na mchana, na mara nyingi magogo mabichi, ambayo hupoteza moto mwingi kwa kukausha maji yake yenyewe. Kwa hiyo tunapohimizana kutunza miti, tusianze kwa kumkemea mama wa vyungu eti kwa sababu hana wa kumtetea.

Wapo pia wasemao, "Tutumie saruji, yaishe." Matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, ni msaada wa kweli. Lakini saruji nayo huzaliwa motoni, kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Tukidhani moto umezimika kwa kuwa moshi wake hatuuoni, tunajidanganya.

Tuseme nini basi? Kutumia mti si dhambi. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kazi mbili kwa pamoja. Dhambi ni kukopa bila nia ya kulipa. Nyumba ni yetu, lakini anayelipa ni binti wa jirani anayekwenda mbali zaidi kutafuta kuni, na mtoto ambaye hajazaliwa. Hao hawaji kubisha hodi kudai, ndiyo maana ni rahisi kuwasahau.

Lakini deni hili linalipika. Kwa jirani zetu wa Shinyanga, mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike, na miti ikarudi. Basi anayetaka kujenga apande au atenge eneo miaka kadhaa kabla ya kuchoma. Akaushe kuni zake. Na asijenge kwa kutafuta sifa kupita haja yake. Kanisa nalo litangulie: kamati ya ujenzi ikihesabu matofali, ihesabu na miti.

Ukuta wa nyumba ya Mungu usisimame juu ya deni la maskini. Mungu atusaidie.